Pwani ya kusini hadi Ziwa Nyasa kwa gari dogo: je, siku nane zinatosha?

Baba Wawili

Wanajamvi, salaam. Katika likizo ya mwezi wa sita, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tunakusudia kutoka Dar es Salaam kwa gari letu dogo la saluni, tufuate barabara ya Kilwa hadi Lindi na Mtwara, kisha tugeuke magharibi kupitia Masasi, Tunduru na Songea mpaka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kurudi tungependa kupita Njombe, Iringa na Morogoro, ili tusirudie njia ile ile. Nina siku nane za likizo kazini. Naomba kujua mambo matatu: kama siku hizo zinatosha, kama ni afadhali kuanza na bahari au na ziwa, na kama gari lisilo refu kwenda juu litafika bila kutusumbua.

Dereva wa Kusini

Ndugu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo jepesi. Njia yote uliyoitaja ni lami, ikiwemo ile ya kilomita 66 kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ambayo zamani ilikuwa ya kuogofya. Saluni yenye matairi mazuri inafika. Wanaosema lazima uwe na gari kubwa wanakumbuka enzi za kivuko cha Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003.

Kuhusu siku, sikufichi: nane ni chache, na upungufu wake hauko kwenye kwenda bali kwenye kurudi. Watu wengi hupanga vituo vya kwenda kwa uangalifu mkubwa, kisha kurudi wanakuandika kwa mstari mmoja, "siku ya nane, nyumbani". Kutoka Mbamba Bay hadi Njombe ni takribani kilomita 400, zenye kona nyingi za Mbinga na za milima ya Lukumburu, na ukishalala Njombe bado unadaiwa kama kilomita 700 hadi Dar es Salaam. Ndani ya hizo kuna mteremko wa Kitonga uliojaa malori, na kuna kipande cha ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako mwendo unadhibitiwa na anayegonga mnyama hulipishwa. Kwa dereva mmoja mwenye watoto nyuma, hiyo si safari ya siku moja. Omba siku ya tisa mlale Iringa au Morogoro, au punguza kitu huku mwanzoni.

Usipige hesabu ya muda kwa kugawa kilomita kwa mwendo wa 100. Kuanzia Mkuranga hadi Ikwiriri vijiji vimefuatana, kila kimoja na kibao chake cha 50, na trafiki wenye tochi ya kupima mwendo hawako mbali na kibao. Wastani wa kilomita 60 kwa saa ndio wa kuaminika. Siku ya kwanza muwe mmeshavuka Mbagala na Kongowe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, la sivyo foleni itawapotezea saa mbili kabla hamjauona hata mnazi.

Anza na bahari. Kipande kirefu cha katikati, kutoka Masasi hadi Songea, kinaelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 450, na ukitoka alfajiri jua linakuwa mgongoni kwa nusu ya kwanza ya siku. Jaza mafuta Masasi, ongeza Tunduru hata kama geji haijashuka sana, kisha hakikisha umeshapita Namtumbo kabla ya giza. Pori lililo kati ya Tunduru na Namtumbo ni ushoroba, yaani njia ya kupita, wa wanyama kati ya Selous na hifadhi ya Niassa upande wa Msumbiji, na tembo hana taa za nyuma.

Mkaazi wa Masoko

Naunga mkono kuanza na bahari, ila nina ombi: msiifanye Kilwa kuwa mahali pa kulala tu. Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, kwa hiyo mchana mtakuwa mmefika. Jioni hiyo hiyo shughulikieni kibali cha kuingia kwenye magofu ya kisiwa cha jirani, Kilwa Kisiwani, na mpatane na mwenye boti, ili asubuhi muondoke mapema. Mwezi wa sita kusi (upepo wa kutoka kusini) huwa limeshika, na kadiri jua linavyopanda mkondo kati ya Masoko na Kisiwani hupata mawimbi. Si ya hatari kwa nahodha mzoefu, lakini yanatosha kuwalowesha watoto na kuwatia hofu.

Ulizeni pia habari za maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa sana, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida), boti huenda isifike karibu na nchi kavu nanyi mkamalizia kwa miguu kwenye tope, kwa hiyo vaeni viatu visivyowauma roho vikilowa.

Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba zake, kisha ukatembea hadi Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, na kuliona lile bwawa la pembe nane linalotazamana na bahari, utaelewa kwa nini msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu mji ule. Tengeni nusu siku nzima.

Jambo moja la tahadhari: mvua kubwa za Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, zilisomba sehemu za barabara huku kwetu, eneo la Somanga likiwemo. Kabla ya kuondoka pigeni simu kwa mtu aliye njiani.

Mpenda Ziwa

Kama kuna kitu cha kukatwa, basi kiwe Mtwara, kisiwe ziwa. Najua Mikindani ni mji wa kale wenye mvuto wake, lakini kutoka njia panda ya Mnazi Mmoja, karibu na Lindi, kwenda Mtwara na kurudi tena kuifuata njia ya Masasi kutawapotezea siku nzima. Ziwa lenyewe linahitaji usiku mbili, kwa sababu siku ya kufika huwa mmechoka. Mkitoka Mbinga mtakuwa juu kwenye baridi, kahawa pande zote na ngoro za Wamatengo, yaani mashimo yao ya kilimo, zimechimbwa kwenye miteremko, kisha ndani ya saa mbili mnashuka hadi kwenye joto na miembe, na ziwa mmeliona mbele muda mrefu kabla ya kulifikia.

Kuoga kuna masharti yake. Kichocho kipo katika Ziwa Nyasa, na konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Epukeni vichochoro vya matete na midomo ya mito. Hata mkioga penye mchanga na mawimbi, mkirudi mweleze daktari kwamba mlioga ziwani ili awapangie vipimo. Na kusi hilo hilo la Kilwa huvuma huku pia, kwa hiyo mitumbwi ya matembezi ni ya asubuhi.

Baba Wawili

Nawashukuru nyote. Mtwara tumeiacha, na siku ya tisa nimeiomba. Tutalala Kilwa usiku mbili, Masasi, Songea, Mbamba Bay usiku mbili, Njombe na Iringa. Gari langu ni la otomatiki. Je, kwenye miteremko hiyo breki hazitapata moto?

Dereva wa Kusini

Zitapata moto ukiziachia kazi yote. Kabla ya kuanza kushuka, na si katikati ya mteremko, weka gia kwenye 2 au L, injini ilizuie gari, nawe ukanyage breki kwa vipindi badala ya kuilalia. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikaanza kuwa laini, tafuta mahali pana, simama na uache zipoe bila kuzimwagia maji. Fundi akague pedi na mafuta ya breki kabla hujatoka Dar es Salaam, na umwambie alijaze upepo tairi la spea, maana hilo ndilo husahaulika.