Mjadala: Stori ya mpiga tarumbeta wa Kraków iendelee kusimuliwa kama historia?

Mchokozi_01: Wakuu kuna kitu kinanikera. Mtalii akifika Kraków, Poland, anasimamishwa chini ya mnara wa Kanisa la Mt. Maria, tarumbeta inapigwa kila saa na inakatika ghafla wimbo haujaisha, halafu mtembeza wageni anamwambia eti mwaka 1241 Watatari walimpiga mpiga tarumbeta mshale wa koo akiwa anawaamsha watu. Ushahidi wa enzi hizo hakuna, stori imepata jina baada ya Mmarekani Eric Kelly kuandika kitabu cha watoto 1928. Ni sawa kweli kumpa mtu hii kama historia?

Bwana_Pwagu: Ni biashara tu hiyo mkuu, wanachuna wageni, wao wenyewe hata hawaamini

Mbongo_Ughaibuni: Pwagu umewahi kukanyaga Kraków au unaongea ukiwa kijiweni? Mimi naishi huku. Wanaopiga ile tarumbeta ni askari wa zimamoto, wana zamu mchana na usiku, wanapiga kuelekea pande nne za mji, na saa sita mchana redio ya taifa inarusha nchi nzima tangu 1927. Sasa saa tisa usiku, baridi ile, anachunwa mgeni gani?

Mchokozi_01: Tarumbeta sijaikataa, nabishia mshale

Bwana_Pwagu: Tusitishane na ughaibuni. Hadithi zao ndo zilivyo, joka la Wawel, kile kilima cha hapo Kraków, limemeza kondoo aliyejazwa salfa likaenda kunywa mto mpaka likapasuka, sawa. Halafu kuna Wanda, binti mfalme, kaposwa na mtawala wa Kijerumani, badala ya kuolewa mambo yaishe kajitupa mto Wisła. Ushujaa gani huo, drama tupu

Binti_Chumvi: Drama??? Mwanaume akidanganya joka kwa kondoo ni shujaa, mwanamke akikataa mume ni drama. Kaka hebu soma tena ulichoandika, polepole

Mzee_Kasri: Wanangu taratibu. Kwenye masimulizi ya Kadłubek, mwandishi wa historia wa Poland, yale ya zamani kabisa, miaka ya 1200 hivi, Wanda hafi. Jeshi la Wajerumani linamwona linaduwaa, linagoma kupigana, mkuu wao ndo anajiua kwa upanga wake. Waandishi waliokuja baadaye ndo wakamzamisha mtoto wa watu. Hata Skuba, yule fundi viatu anayesifiwa siku hizi kwa kuliua joka, humo hayumo, joka waliliua wana wawili wa mfalme Krak, kisha mdogo akamuua kaka yake akasingizia joka, ilipojulikana akafukuzwa nchi. Hiyo watoto hawasimuliwi wakaenda kulala

Bwana_Pwagu: Shikamoo mzee. Kwa hiyo zinabadilishwa badilishwa, si ndo nilichosema?

Binti_Chumvi: Hukusema hivyo, ulisema drama. Mzee kakuonyesha aliyejiua ni mwanaume umehamia kwingine

Mbongo_Ughaibuni: Na kilima cha Wanda kipo mpaka leo, Nowa Huta, upande mmoja wa Kraków, karibu na kiwanda cha chuma, wanasema ndo kaburi lake. Pwagu nenda ukamwambie hapo ni mdrama, Wapoland wakujibu

Mchokozi_01: Jamani mada ni tarumbeta

Binti_Chumvi: Mchokozi subiri kidogo. Pwagu hajajibu

Bwana_Pwagu: Nijibu nini, kwani Mjerumani kosa lake nini, si kaposa tu kama watu wengine

Binti_Chumvi: Kaja na jeshi! Posa gani inakuja na jeshi, ukinikataa nachoma nchi?

Bwana_Pwagu: Mimi ukweni nilikuta wajomba kumi na mbili wamekaa mstari hakuna anayecheka, na bei wamepanga wao. Bora huyo jeshi lake lilikuwa upande wake