Mnaokata majina ya wahariri wa AMV na kuzipakia upya kama zenu, njooni mjieleze hapa

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha, na leo sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna watu ambao shughuli yao ni kupakua video za muziki za anime (katuni za Kijapani) zilizotengenezwa na mashabiki, yaani hizi AMV, kukata sekunde za mwanzo zenye jina la mhariri, kisha kuzipakia upya kwenye kurasa zao na kupokea pongezi bila hata chembe ya aibu. Ukiwahoji, jibu ni lilelile: "Kwani huyo mhariri amefanya nini cha ajabu? Si ameweka wimbo juu ya katuni tu?" Jibu hilo limenikera kuliko wizi wenyewe, kwa kuwa ndilo linalowapa ujasiri wa kuiba.

Basi tulitazame hilo "tu" kwa karibu. Anime nyingi huendeshwa kwa takriban fremu 24 kwa sekunde, yaani picha mojamoja zinazounda video, lakini wachoraji hawachori picha mpya kwa kila fremu. Mchoro mmoja mara nyingi hukaa fremu mbili au tatu kabla ya kupisha mwingine. Wimbo wenye midundo 120 kwa dakika unamwachia mhariri fremu 12 kutoka mdundo hadi mdundo, na ndani ya nafasi hiyo finyu anatakiwa kupata ngumi inayotua, mlango unaofungwa au jicho linalofumbuliwa, kutoka kwenye mfululizo wenye saa nyingi za matukio, kisha ahakikishe tukio hilo linaangukia palepale ngoma inapopigwa. Likichelewa kwa fremu chache tu, mtazamaji huenda asijue kasoro ni ipi, ila atahisi kwamba video imepoa.

Na hapo sijagusa midomo. Katika anime nyingi mdomo wa mhusika anayezungumza una michoro michache tu: umefungwa, umefunguka kidogo, umefunguka wazi. Mhariri mwenye subira huyavunja mazungumzo hayo, huzichukua fremu za mdomo mojamoja na kuzipanga upya kwa kufuata silabi za wimbo, mpaka mhusika anaimba maneno ambayo hakuwahi kuyatamka. Ikiwa kichwa cha mhusika kinasogea, inabidi mdomo ukatwe peke yake, fremu baada ya fremu, ubandikwe juu ya uso na kusogezwa pamoja nao. Mstari mmoja wa kiitikio unaweza kumla mtu usiku mzima, halafu wewe unakuja kufuta jina lake kwa sekunde tatu.

Ufundi huo wote ni bure kama hakuna wazo, na wazo ndilo lililokuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1982 Mmarekani Jim Kaposztas, ambaye wengi humtambua kuwa mtu wa kwanza kutengeneza AMV, aliunganisha deki mbili za video, akachukua matukio ya vita ya anime ya Star Blazers na kuyapandisha juu ya wimbo wa The Beatles unaosifu upendo. Upendo unaimbwa, huku meli za angani zinalipuana. Kejeli ile haikuwamo kwenye katuni wala kwenye wimbo. Ilizaliwa vilipokutanishwa, na aliyevikutanisha ana jina. Tena alifanya hivyo kwa mikanda, bila programu ya kuhariri na bila kitufe cha kutengua kosa.

Sasa tazameni mnavyoifanya kazi ya namna hiyo mkishaiteka. Ili iingie kwenye simu iliyosimama wima, mnaikata pande zote mbili. Video pana ya 16:9 ikigeuzwa kuwa 9:16 kwa kukatwa hubakiwa na chini ya theluthi moja ya upana wake, maana yake zaidi ya theluthi mbili za picha mmezitupa. Mhariri alipanga upanga uanze kushoto, na mkato unaofuata uudake kulia ili jicho livuke skrini pamoja na mlio wa gitaa la wimbo. Kwenu nyinyi upanga hauonekani kabisa, kinachobaki ni bega la mtu na ukuta. Wengine huigeuza picha kama kwenye kioo ili mifumo ya kutambua video zilizonakiliwa isiinase, na matokeo yake maandishi ya Kijapani yanasomeka kinyumenyume. Kisha mnabandika nembo zenu katikati. Nembo! Juu ya kazi ambayo hamkuikata hata fremu moja.

Najua kuna atakayeniambia kwamba mhariri naye ametumia picha na muziki usio wake. Ni kweli, na wahariri wengi hawajalificha jambo hilo, kwani desturi yao ya miaka yote ni kutaja anime, wimbo na msanii. Mwaka 2005 kampuni ya Wind-up Records ilipotaka video zenye nyimbo za wasanii wake, wakiwamo bendi ya Evanescence, ziondolewe kwenye tovuti ya AMV ya AnimeMusicVideos.org, ziliondolewa. Mwenye haki akidai chake, huo ni ugomvi wake halali na mhariri. Wewe si studio, si msanii, na hakuna kati yao aliyekutuma ufute jina la mtu.

Ninachodai ni kidogo. Rudisheni majina kwenye maelezo ya kila video mliyoichukua, wekeni kiungo cha ukurasa wa mhariri mwenyewe, na akisema iondolewe, iondoeni siku hiyohiyo bila kumtukana. Nanyi mnaosambaza, mkiona AMV haina jina popote, ulizeni kabla ya kuisukuma mbele. Na wale wanaofuta maoni ya kila anayeuliza "kahariri nani?", nawasubiri hapa chini na swali moja: kama kazi yenyewe ni kuweka wimbo juu ya katuni tu, ya kwenu iko wapi?