Mrejesho: mradi wa maji ya bahari, Gredi ya 8

Asalaam aleikum. Niliuliza ni mradi gani wa maonyesho ya sayansi utamfaa binti yangu wa Gredi ya 8, usiokula pesa. Shukran kwa aliyesema tutoe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye maji ya chumvi kwa jua. Hapa Lamu bahari iko mlangoni, na jua halinunuliwi.

Tulichukua makarai mawili ya saizi moja, moja tukalipaka rangi nyeusi ndani, la pili likabaki jeupe. Kikombe katikati, maji ya bahari pembeni, nailoni juu imekazwa kwa mpira wa tyubu, na kijiwe juu yake ili ibonyee pale penye kikombe. Mvuke ukigusa nailoni unakuwa matone, yanateremka hadi chini ya kijiwe na kudondokea kikombeni. Chumvi, gramu 35 hivi kwa lita, inabaki karaini. Jeusi lilitoa maji zaidi, maana linafyonza joto.

Waamuzi maji hayakuwashughulisha sana, walitaka ushahidi kwamba chumvi haimo. Binti akatoa betri ya volti 9 na taa ndogo ya LED: nyaya ndani ya maji ya bahari, taa ikawaka, ndani ya maji ya kikombe, kimya, maana chumvi ndiyo inayofanya maji yapitishe umeme vizuri. Wakamuuliza kwa nini makarai yalingane. "Ili tofauti iwe rangi peke yake." Nadhani alama alizipata hapo.

Amekuwa wa pili. Sasa anataka kujaribu kioo badala ya nailoni; mwenye kipande huko Langoni anijulishe.