Kozi ya kampeni za Marekani: ni haki kumnadi mgombea usiyemwamini ndipo upate alama?

Zuhura, Columbus: Ndugu zangu, nasoma sayansi ya siasa hapa Ohio, mwaka wa pili. Kozi ya kampeni na uchaguzi inamtaka kila mwanafunzi ajitolee saa 20 kwenye kampeni ya mgombea, chama chochote. Ni robo ya alama zote. Mimi Mtanzania, niko kwa viza ya masomo. Sheria yao inamkataza mgeni kuchangia hata senti, ila kujitolea bila malipo ruksa. Sheria basi haina neno. Kinachoniumiza ni kumnadi mtu nisiyemwamini ili nifaulu. Ni haki?

Mzee wa Minneapolis: Binti yangu, nenda. Matangazo ya televisheni na kura za maoni utavisoma kitabuni, lakini mtu anavyogeuza msimamo akiwa kizingitini kwake hutavikuta popote. Tatizo ninyi mnaokuja kusoma na kuondoka, kila kitu mzigo. Sisi tuliokula kiapo cha uraia tunajua uzito wa kura.

Kipepeo: Shikamoo mzee, lakini hapo umetukosea. Kiapo kimeingiaje? Na kura yako ya Minnesota ina uzito gani? Jimbo lenu halijampa mgombea urais wa chama cha Republican tangu Nixon, 1972. Hata 1984 Reagan alipozoa majimbo 49, ninyi peke yenu mlibaki na mpinzani wake wa Democrat, Mondale, mtoto wa nyumbani. Wagombea wanapiga kambi kwenye majimbo yenye ushindani, Pennsylvania na Wisconsin, kwenu wanapita angani.

Mzee wa Minneapolis: Marahaba. 2016 Hillary Clinton wa Democrat alishinda kwetu kwa kura zisizofika 45,000, katika karibu milioni 3. Mimi nilipanda ngazi za maghorofa ya Cedar-Riverside, mtaa wa hapa Minneapolis, ghorofa baada ya ghorofa, magoti yananiuma. Usiniambie haina uzito.

Baraka wa Eldoret: Na hizo karibu milioni 3 alizomzidi Trump nchi nzima zilimfaa nini? Rais huko huchaguliwa na wajumbe wa majimbo: Trump 304, Clinton 227, kwisha. Kwetu Kenya lazima upite nusu ya kura zote, na upate asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hao ndio wa kutufundisha uchaguzi?

Nuru: Baraka, wewe unaangalia Novemba tu. Kazi iko kwenye mchujo, chama kinapochagua mgombea wake. 2016 hiyo hiyo, mwezi wa Agosti, Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia, alimng'oa mwana-Democrat mwenzake Phyllis Kahn aliyekaa miaka 44 kwenye bunge la jimbo. Wapiga kura wa mchujo ni wachache, kila mlango ni mtaji. Na ni msichana aliyekulia Dadaab!

Mwana wa Kisauni: Dadaab tena? Utange! Utange, Mombasa! Kila mkimbizi Msomali mnamtupa Dadaab. Kambi ilikuwa huku kwetu pwani, watu tuliwaona kwa macho.

Nuru: Sawa, nimekosea kambi. Hoja yangu iko palepale.

Mwana wa Kisauni: Haiko palepale. Mtu akikwambia umetoka Lamu na wewe wa Tanga, utanyamaza?

Zuhura, Columbus: Mzee wangu, sijalalamikia mzigo. Nafanya kazi ya usiku maktaba na bado sikosi kipindi. Nikuulize: kule Cedar-Riverside ulimnadi nani, na ulimwamini?

Mzee wa Minneapolis: Nilimnadi Clinton. Machi, kwenye mkutano wa chama mtaani, nilikuwa wa Bernie Sanders, mpinzani wake ndani ya Democrat, na Sanders alilichukua jimbo letu. Clinton hakuwa chaguo langu, binti. Nilimpima na Trump, nikaenda.

Zuhura, Columbus: Ulimpima mwenyewe. Hakuna aliyekushikia alama.

Kipepeo: Mwombe mhadhiri saa zako uzifanye kwenye uandikishaji wa wapiga kura. Huko humnadi mtu.

Mzee wa Minneapolis: Hilo nakubali. Ila mlango mmoja abishe, hata wa kuandikisha.

Mwana wa Kisauni: Nuru, rekebisha basi ile Dadaab.