Miezi 8 baada ya oparesheni ya goti (ACL): nirudi mpira, nihamie baiskeli au nikimbie tu? Waliopitia tulinganishe

Kiungo wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mwaka jana mwezi wa 11 nilikuwa kwenye mechi ya mtaani, uwanja ule wa udongo mkavu, nikapokea mpira nimempa mtu mgongo, nikageuka, njumu ya kushoto ikang'ang'ania chini mwili ukazunguka. Hakuna aliyenigusa. Nikasikia goti limelia ko! kama mtu kavunja muwa. Kufika jioni limejaa kama papai. Kipimo cha MRI kikaonyesha ACL (kano ya katikati ya goti inayolizuia lisiteleze na kuzunguka) imekatika yote na meniskasi (gegedu la ndani ya goti) imechanika, Januari nikafanyiwa oparesheni ya matundu, wakachukua kano ya nyuma ya paja wakatengeneza ACL mpya na meniskasi wakaishona.

Sasa ni mwezi wa 8 tangu oparesheni. Fizio (tiba ya mazoezi) nilienda mara sita tu hela ikaisha, na karatasi niliyopewa hospitali wakati wa kutoka iliandikwa "aendelee na mazoezi" basi, mazoezi gani hayakuandikwa. Maumivu sina. Ngazi napanda, nakimbia taratibu kilomita 5 barabarani. Nina miaka 32, mpira ndio kitu kinachonikutanisha na watu wangu tangu nikiwa mtoto, nikikaa nje ya uwanja Jumapili najisikia kama nimefiwa.

Machaguo ninayoyaona: kurudi mpira mwezi ujao na sapoti ya goti, kuhamia baiskeli, kubaki na mbio tu, au kuogelea maana bahari ipo. Aliyejaribu mojawapo aniambie ilikuwaje, hata kama ilienda vibaya.

Winga Mstaafu
Pole sana mkuu. Mimi ni yule ambaye ilienda vibaya. Mwezi wa 6 baada ya oparesheni nilikuwa kama wewe, maumivu hakuna, nakimbia, watu wananiambia mbona uko fiti, nikaingia dakika 20 za mwisho nimevaa sapoti ya bei mbaya yenye vyuma pembeni. Siku ya kwanza sikupata shida, ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nikaruka kichwa nikatua mguu mmoja goti likaingia ndani, na ule mlio ukisikia mara moja hutausahau, nilijua kabla sijafika chini. Oparesheni ya pili walitoa kano mguu wa pili kwa hiyo nikawa na miguu miwili ya kuuguza, na mke wangu alikuwa mjamzito miezi saba ndio ananishika bega kwenda msalani. Nikikumbuka hilo hata mpira kwenye TV nazima.

Sapoti inakupa ujasiri mkuu. Haiiongezei kano mpya nguvu hata kidogo.

fizio_kaskazini
Mleta uzi pole, na Winga pole zaidi, umeeleza kitu ambacho naongea na wagonjwa kila wiki hawanielewi mpaka waone.

Nieleze kinachoendelea ndani. Kano waliyokuwekea ilitolewa sehemu yake, ikakatiwa damu. Wiki za mwanzo chembe zake zinakufa, halafu mishipa midogo ya damu inaanza kuingia upya na mwili unaijenga ifanane na ACL, hiyo kazi inaenda mwaka na zaidi. Kipindi ambacho iko dhaifu sana ni kama wiki ya 6 hadi ya 12, na hapo ndipo mtu anaanza kutupa magongo kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu kuisha kunakwambia ngozi na nyama zimetulia. Kano yenyewe haina namna ya kukwambia imefika wapi.

Kuna utafiti wa Norway na Marekani uliotoka 2016, waliwafuatilia watu waliorudi michezo ya kugeuka na kuruka, wakaona kila mwezi mmoja unaochelewesha kurudi mpaka mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena inapungua kama nusu. Baada ya mwezi wa 9 kusubiri tu hakukuongeza faida, kilichobaki ni nguvu ya paja la mbele. Kwa hiyo miezi 9 ni mlango, na ukifika mlangoni lazima uwe na ufunguo.

Ufunguo ni huu, unaweza kujipima nyumbani. Goti linyooke kabisa kama la pili na lisijae kesho yake baada ya mazoezi. Pima mzunguko wa paja sentimita 10 juu ya pia ya goti, miguu yote miwili. Kaa kwenye kiti, inuka kwa mguu mmoja, hesabu mara ngapi kila upande. Halafu ruka mguu mmoja mbele, utue mguu uleule, pima kwa futi ya fundi cherehani. Chukua ya mguu ulioumia gawa kwa ya mguu mzima. Chini ya asilimia 90 hakuna mpira, hata kama kalenda inasema mwaka.

Halafu swali: una uhakika meniskasi ilishonwa, haikupunguzwa? Maana ya kushonwa inataka uvumilivu zaidi, kuchuchumaa chini kabisa na mzigo isubiri.

Jembe la Ndondo
Mbona Zlatan aliumia Aprili 2017 na Novemba alikuwa uwanjani anaichezea Man U, miezi 7 tu na alikuwa na miaka 36? Tusimtishe jamaa.

fizio_kaskazini
Jembe ni kweli alirudi miezi 7. Ila yule ana watu wanaomshughulikia goti kutwa, mashine, bwawa, chakula, na kazi yake ni kupona tu. Mleta uzi ana kazi, daladala na fizio mara sita. Na 2022 Zlatan huyohuyo alipasuliwa ACL ya goti la kushoto, sisemi ni kwa sababu aliwahi kurudi, nasema ukishaumia moja goti la pili nalo liko hatarini, hilo linajulikana. Angalia na Neymar, Oktoba 2023 mpaka Oktoba 2024, mwaka mzima.

Ali wa Likoni
Salaam. Mimi niko Mombasa, ACL yangu ilikatika kwenye mpira wa ufukweni nami sikupasuliwa hadi leo, mwaka wa nne huu. Hela sikuwa nayo mwanzo, baadaye ikapatikana lakini goti lilikuwa limeshatulia. Nilifanya mazoezi ya paja kila siku miezi mitano, asubuhi kabla sijafungua duka, na nikahamia baiskeli.

Nikwambie ukweli wa baiskeli ndugu yangu. Goti linakwenda mbele na nyuma tu, halizunguki, ndiyo maana halikuumizi. Ila siti ikiwa chini goti linajikunja sana, mbele ya pia panaanza kuwaka. Weka siti juu hadi kanyagio likiwa chini kabisa mguu ubaki na mkunjo mdogo tu. Gia nyepesi, miguu izunguke upesi, usisukume gia nzito kama unapanda mlima na gunia. Mimi sasa hivi alfajiri ya Jumamosi tunavuka feri watu saba twaenda mpaka Mtwapa na kurudi, wale saba ndio wamekuwa timu yangu.

Kitu kimoja sitakuficha. Nikijaribu kugeuka ghafla, hata kumkwepa mtoto sebuleni, goti lanikimbia. Kwa hiyo baiskeli yanitosha mimi, kwa mtu ambaye moyo wake uko kwenye mpira sijui kama itamtosha.

fizio_kaskazini
Ali asante, na wala hukufanya kosa. Uswidi walichukua watu 121 wenye ACL iliyokatika, nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakaanza na fizio wakaambiwa watapasuliwa ikibidi. Baada ya miaka 5 karibu nusu ya kundi la pili hawakuwahi kupasuliwa na hali ya magoti ya makundi mawili haikupishana. Lakini goti linalokukimbia mara kwa mara linasaga meniskasi polepole, wewe umelizuia kwa kuacha kugeuka. Likianza kukukimbia ukiwa unatembea tu, nenda kaangaliwe.

GA Nakuru
Niongee kwa niaba ya kina dada maana hii mjadala ni wanaume watupu. Nacheza netiboli, ACL iliniishia nikidaka pasi ya juu, kutua na kusimama ghafla, netiboli hairuhusu kutembea na mpira so kila pasi ni breki. Sisi wanawake hii jeraha inatupata mara mbili tatu zaidi kuliko wanaume kwa mchezo uleule, na timu nyingi za huku coach hata hajui.

Nilirudi baada ya miezi 11. Kilichonisaidia sana si gym, ni kujifunza kutua upya. Nilisimama mbele ya kioo cha dada yangu narukia kutoka kwa ngazi ya kwanza, naangalia goti liko juu ya vidole ama limeingia ndani. Mara mia kwa wiki mpaka ikawa tabia. Halafu timu yetu sasa inafanya ile warm-up ya FIFA 11+, dakika 20 hivi, haihitaji vifaa maalum, wachezaji walinung'unika wiki ya kwanza tu.

Na kuhusu woga: mechi yangu ya kwanza niliogopa mpaka nikalia kwa choo. Mwili ulikuwa tayari, kichwa bado. Nikaanza na robo moja tu ya mechi, wiki nne. Alexia Putellas aliumia Julai 2022, akarudi Aprili 2023 na Agosti akabeba Kombe la Dunia na Uhispania, hiyo picha niliiweka kwa simu yangu nikaiangalia kila asubuhi. Kaka usikate tamaa na mpira wako, lakini usirudi kwa mechi. Rudi kwa mazoezi kwanza, pasi bila kukabwa, halafu wawili kwa wawili, halafu ndio mechi.

Mzee wa Kilomita
Vijana, mimi nina miaka 57, nilipunguzwa meniskasi miaka tisa iliyopita. Mbio za mstari mnyoofu hazisumbui sana ACL, huyu kijana anaweza kuendelea nazo. Ila mimi niliyepunguzwa gegedu goti langu limeanza kukwaruza asubuhi, kwa hiyo nimepunguza lami nakimbia kwenye njia ya udongo, siku moja nakimbia siku moja napumzika. Kuogelea ni kuzuri pia lakini achana na mtindo wa chura, lile teke la kuzungusha linavuta upande wa ndani wa goti. Piga mguu mnyoofu.

Kiungo wa Mbagala
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Winga nimesoma ya kwako mara mbili, kweli imeniingia, na dada wa Nakuru wiki hii naanza na kioo. Fizio, nimeangalia karatasi, imeandikwa imeshonwa.

Leo nimejipima barazani, nimechora mstari kwa chaki, mwanangu wa miaka 8 ndiye anashika futi. Paja la kushoto 46, kulia 49. Kuinuka kwenye kiti kulia mara 22, kushoto mara 13 na mguu unatetemeka. Kuruka: kulia sentimita 151, kushoto 118. Nimegawa inakuja 78. Sikutegemea, nilijua nitapata tisini na kitu kwa jinsi ninavyojisikia.

Winga Mstaafu
Mimi hakuna aliyenipima hata siku moja. Ningeiona 78 yangu nisingeingia zile dakika 20.

Jembe la Ndondo
Mkuu hapo nakubali, nimekosea kukutolea mfano wa Zlatan. Na mimi nimejaribu kuruka hapa magoti yote mazima napata 94, kwa hiyo 78 ni mbali.

Ila niulize, wangapi wanarudi kweli? Maana mtaani kwetu namjua mmoja tu.

fizio_kaskazini
Wapo wengi kuliko unavyodhani. 2014 walijumlisha tafiti za watu zaidi ya 7,000: kati ya kila 100 waliofanyiwa ACL, 81 walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, 65 walirudi kiwango chao cha zamani, 55 walirudi kwenye mashindano. Huyo mmoja unayemjua wewe ni kwa sababu mtaani fizio inaishia mara sita.

Kiungo, mpango wangu kwako: usichague kimoja. Baiskeli mara tatu kwa wiki ya kujenga paja, mbio ziendelee mara mbili, kuinuka kwenye kiti mguu mmoja na kupanda kigoda chenye begi la mchanga mgongoni siku nyingine. Mpira gusa kwa kupiga pasi na mwanao, mguu kwa mguu, hakuna kukabana. Kila wiki nne pima. Na nikuulize, ulivyotua ulisimama au uliyumba ukaweka mguu wa pili? Kipimo kinaanzia mstari mpaka kisigino cha kutua, lazima usimame sekunde mbili bila kushika kitu, la sivyo hakihesabiki.

Kiungo wa Mbagala
Kusema kweli niliyumba.

Nimerudia sasa hivi kwa masharti hayo, mara tatu tatu nikachukua iliyo bora. Kulia 147, kushoto 109. Ni 74. Nimempigia kapteni anitoe kwenye listi mpaka Desemba, amekubali, kasema Jumapili nije hata kushika kibendera cha pembeni nisikae nyumbani. Ali, nikipata baiskeli ya mtumba nitakuuliza vipimo vya siti.

Ali wa Likoni
Niandikie urefu wa mguu wako kutoka msamba hadi chini, bila viatu. Nitakupigia hesabu kabla hujanunua, usije ukauziwa fremu isiyo yako.