Naomba ushauri: intigresheni inahusianaje na jedwali la z?

Mwanafunzi_PCM: Habari za jioni, wakuu. Nipo kidato cha sita. Intigresheni hainipi shida, lakini tulipofika kwenye mtawanyo wa kawaida (ule wenye mkunjo wa umbo la kengele) tuliambiwa tu tusome jedwali. Nimejaribu kutafuta intigrali ya e^(−x²/2) kwa kila njia niliyofundishwa, ikanigomea. Pia sielewi sampuli moja inawezaje kutueleza habari za kundi zima. Nianzie wapi?

Mwl_Hisabati: Mdogo wangu, hiyo imewagomea wote, kwani imethibitishwa kwamba intigrali yake haiandikiki kwa fomula za kawaida unazozijua. Ndiyo maana tunatumia jedwali, ambalo ni maeneo chini ya mkunjo (yaani intigrali za e^(−x²/2) iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2π) yaliyokwisha kukokotolewa kwa kukadiria. Jaribu mwenyewe kwa kanuni ya Simpson, njia ya kukadiria eneo kwa vimo vichache vya mkunjo, kutoka 0 hadi 1: kimo cha mkunjo ni 0.39894 kwenye 0, 0.35207 kwenye 0.5, na 0.24197 kwenye 1. Zidisha cha katikati kwa 4, jumlisha vyote, kisha gawanya kwa 6. Utapata 0.3415, wakati jedwali linasema 0.3413. Kwa maoni yangu, zoezi hili lingetangulia jedwali darasani.

Binti_Takwimu: Niongezee kuhusu sampuli. Tuseme mashine inatakiwa kujaza mifuko ya saruji ya kilo 50, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito wa mifuko unavyotawanyika) ni kilo 2, nawe umepima mifuko 100 ukapata wastani wa 49.6. Wengi huitumia ile 2 moja kwa moja, ilhali wastani wa sampuli hutawanyika kwa kiasi kidogo kuliko mfuko mmoja mmoja: 2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 0.2. Kwa hiyo z, yaani tofauti ya 49.6 na 50 ikigawanywa kwa 0.2, ni −2, na eneo la mikia yote miwili, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi, ni takriban 0.0455. Kwa kuwa ni chini ya 0.05, nadharia tete (dhana tunayoipima) kwamba wastani wa mashine ni kilo 50 inakataliwa kwa kiwango cha asilimia 5.

Mwanafunzi_PCM: Ahsanteni sana. Nimerudia Simpson kwa hatua za 0.25, nimepata 0.34136. Dada, na mkengeuko wa mashine usipojulikana?

Binti_Takwimu: Kwa mifuko 100, mkengeuko wa sampuli yenyewe unatosha. Ikiwa ni michache, kama 8, tumia mtawanyo wa t, uliochapishwa mwaka 1908 na William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, kwa jina la Student. Mikia yake ni minene zaidi, hivyo usichukue 1.96, kikomo cha z kwa kiwango cha asilimia 5; kwa mifuko 8 kikomo ni 2.365.