Mwakilishi wa Ulaya: wakala wa kulipia, binamu aliye Rotterdam, au nifunge Ulaya kabisa?

DukaLaPwani
Wakuu habari za saa hizi. Nina duka langu mwenyewe mtandaoni, siuzi kupitia soko la mtu. Wateja wa ng'ambo wengi ni Wajerumani na Waholanzi. Tangu tarehe 13 Desemba 2024 ile kanuni ya usalama wa bidhaa, GPSR, inataka kila bidhaa iwe na mwajibikaji, yaani wa kujibu mamlaka kuhusu usalama wake, aliye ndani ya Umoja wa Ulaya. Kuna wakala anataka euro 190 kwa mwaka, ofa yake inaisha Ijumaa. Binamu yangu yuko Rotterdam, amekubali tuweke jina lake bure. Jamaa mmoja anasema nipeleke mzigo kwenye ghala Ujerumani, mwingine anasema nifunge Ulaya nipumzike. Lipi lina unafuu?

Mzee wa Forodha
Unauza nini?

ShangaNaShaba
Jibu swali la mzee kwanza. Halafu: unatengeneza mwenyewe au unanunua kwa mafundi? Lebo ina jina la nani? Hiyo euro 190 ni kwa bidhaa ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

KaratasiKwanza
Mimi wakati wowote nasema wakala, mradi mkataba wake usomeke. Kabla ya Ijumaa muulize haya. Je, atakupa mamlaka ya uwakilishi kwa maandishi, yenye orodha ya bidhaa? Je, ataomba faili la kiufundi, yaani maelezo ya bidhaa na tathmini ya hatari zake, na kulisoma? Barua ya wakaguzi wa serikali ikimfikia, ataileta kwako ndani ya siku ngapi? Na mkataba ukiisha, nani anabaki na nyaraka? Faili linatakiwa kutunzwa miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni, na bidhaa uliyouza mwaka huu itakuwa bado mikononi mwa mteja wakati wewe umeshaacha kulipa.
Wakala asiyeomba karatasi yoyote anakuuzia anwani tu. Kifungu cha 16 cha GPSR kinamtaka mwajibikaji, pale hatari ya bidhaa inapodai, aikague mara kwa mara aone kama inalingana na faili na kama lebo ziko sawa, na awe na ushahidi wa ukaguzi huo. Asiye na faili atakagua nini?

Kaka Hamburg
Wakala wa nini? Tafuta mwenye duka huku anunue kwa jumla. Akishaingiza mzigo kwa jina lake yeye ndiye mwagizaji, na mwagizaji ndiye mwajibikaji. Faida yako kwa kila kipande inapungua, ila unalala usingizi.

Mzee wa Forodha
Kaka, mwagizaji naye atamdai faili lilelile. Kanuni inamtaka ahakikishe mtengenezaji amefanya tathmini ya hatari kabla hajaweka bidhaa sokoni. Faili halikwepeki kwa njia yoyote, unachobadilisha ni nani anauliza.

DukaLaPwani
Samahani wakuu. Ni bidhaa za mikono tu: vikapu vya mkonge, ndala za ngozi, hereni za shaba ya manjano, na wanasesere wa kitenge. Nanunua kwa mafundi mbalimbali, lebo ni ya duka langu. Niko Mombasa. Euro 190 ni hadi bidhaa 10. Nilidhani vitu vya mikono havimo.

ShangaNaShaba
"Tu" hiyo imebeba sheria nne tofauti mkuu. Kitu cha mkono kimo, hata kikiwa kimoja tu cha aina yake. Na kwa kuwa lebo ni yako, machoni mwa kanuni mtengenezaji ni wewe. Fundi amekutengenezea, wewe umeuza kwa jina lako, basi faili ni lako.
Kikapu ndicho chepesi. Faili lake ni kurasa chache: picha, vipimo, aina ya nyuzi, jina la rangi na aliyekuuzia, kisha jedwali la hatari. Mkanda kukatika: ning'iniza mzigo mara mbili ya uzito unaoutangaza, uache usiku kucha, piga picha asubuhi. Rangi kutoka: sugua kwa kitambaa cheupe kikavu, halafu chenye maji. Ncha kali za nyuzi: kagua kwa kiganja, kata. Andika nani kafanya na tarehe gani. Usiseme popote kuwa kinafaa kuwekea mkate au matunda yaliyomenywa, maana hapo umeingia kwenye vitu vinavyogusa chakula, yaani kanuni ya 1935/2004, na faili linanenepa.

Mama Viatu
Ndala: ngozi imetengenezwa kwa kromiamu au kwa magome? Ngozi inayogusa mwili haitakiwi kuzidi miligramu 3 za kromiamu 6, ile aina yake yenye sumu, kwa kilo. Iliyotengenezwa kwa magome ya miwati inakutoa kwenye kisa hicho, ila pata maandishi ya kiwanda cha ngozi. Maneno ya mdomo ya sokoni siyo nyaraka. Viatu pia vina lebo yake ya picha inayoonyesha kimetumika nini juu, ndani na kwenye soli. Halafu hiyo soli ni ya nini?

DukaLaPwani
Tairi.

Mama Viatu
Haya.

Fundi Akala
Tairi lina shida gani? Akala zimevaliwa miaka nenda rudi.

Mama Viatu
Kaka, mafuta ya kulainishia mpira wa tairi huwa na kemikali za kundi la PAH. Kwa sehemu ya mpira inayogusa ngozi ya mtu kwa muda mrefu, au mara kwa mara, kikomo ni miligramu 1 kwa kilo kwa kila moja ya kemikali 8 zilizotajwa. Tairi kuukuu ni kubahatisha: moja la gari dogo, jingine la lori, kila moja na mchanganyiko wake. Ukipima moja hujapima lingine.

Fundi Akala
Nyayo inagusa ngozi ya juu, tairi liko chini linagusa ardhi. Linamgusa nani?

Mama Viatu
Kwa ndala ya dada yetu au kaka yetu hapa, ikiwa kuna ngozi kamili juu ya soli, hoja yako ina nguvu. Kwa akala ya asili, ambayo nyayo inakanyaga tairi lenyewe na mikanda ni mpira, haina. Apige picha ndala iliyokatwa ubavuni, tabaka zionekane, aiweke kwenye faili. Picha hiyo moja inamaliza maswali mengi.

ShangaNaShaba
Mimi ndala zisinisumbue, hizo hereni ndizo zitamzamisha. Nieleze kisa kirefu kidogo, maana kinajirudia.
Duka moja la Afrika Mashariki, silitaji, lilikuwa na wakala mzuri, lebo safi, na ripoti ya maabara ya hereni. Mamlaka ya ukaguzi wa soko ya Ujerumani ikanunua jozi kama mteja wa kawaida, ikapima. Hereni zikashindwa kipimo kwa sababu ya madini ya risasi. Ripoti waliyokuwa nayo ilikuwa ya kulabu, walizonunua kwa msambazaji, na ilikuwa ya kweli: nikeli iko sawa. Mwili wa hereni ulikuwa shaba ya kusubu, na mafundi wetu mnajua wanayeyusha nini: makufuli mabovu, koki za maji, vipande vya mabomba. Shaba ya koki na makufuli huongezwa risasi makusudi ili ichongeke vizuri, na si ajabu ikafika asilimia 2 au 3. Kikomo cha mapambo ya mwili ni asilimia 0.05. Piga hesabu mwenyewe.
Kilichofuata ndicho kilichouma. Wakala alitoa taarifa mamlaka kama anavyotakiwa, kisha akatumia kipengele cha mkataba kujitoa, na duka zima likabaki bila mwajibikaji, hadi vikapu. Wateja wote waliouziwa ilibidi watafutwe mmoja mmoja, na tangazo la kurudisha bidhaa liwe kwa lugha yao: picha, namba ya bechi, hatari yenyewe, na agizo la kuacha kuvaa mara moja. Tangazo haliruhusiwi kupooza hatari kwa maneno kama "kwa hiari" au "kwa tahadhari". La kwanza walilotuma lilianza na "kwa tahadhari tu", likarudishwa. Halafu mteja anapewa achague kati ya angalau mambo mawili: kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha. Hereni ya risasi haitengenezeki, kwa hiyo ni mbadala au fedha. Na bechi hazikuwa na namba, ikabidi warudishe kila hereni iliyowahi kutoka.

DukaLaPwani
Sasa hapo nafanyaje? Fundi wangu anasubu hivyohivyo.

ShangaNaShaba
Kila chungu kikiyeyushwa kinachanganywa tofauti, kwa hiyo kipimo cha chungu cha leo hakisemi kitu kuhusu cha kesho. Ama mnunulie fundi shaba mpya yenye cheti cha kiwanda kinachoonyesha risasi iko chini ya 0.05, ama kila chungu kipewe namba na kipande kimoja kipigwe kile kipimo cha eksirei cha metali kabla hakijageuka hereni. Kipimo hicho ni cha kuchuja. Kikikaribia kikomo, peleka maabara. Nikeli nayo usiisahau: mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kijiti kinachopita kwenye tundu la sikio ni 0.2.

Kaka Hamburg
Tumemsahau binamu.

KaratasiKwanza
Binamu hafai, mwajibikaji lazima awe kampuni.

Mzee wa Forodha
Si kweli. Mwakilishi aliyeidhinishwa anaweza kuwa mtu binafsi, mradi yuko ndani ya Umoja na ana mamlaka ya maandishi kutoka kwa mtengenezaji. Tatizo ni jingine. Jina lake, anwani yake ya nyumbani na barua pepe yake vitakaa kwenye ukurasa wa kila bidhaa na kwenye kifurushi. Barua ya mamlaka ya Uholanzi itafika kwake, na yeye ndiye atakayetoa faili. Na kuna maelekezo mapya ya fidia, 2024/2853, yanayohusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026: mtengenezaji akiwa nje ya Umoja, mwakilishi anaweza kudaiwa fidia na aliyeumia. "Bure" ya binamu itazame upya. Umemwonyesha hayo, au umemwambia ni jina tu?

DukaLaPwani
Nimemwambia ni jina tu.

Kaka Hamburg
Na ghala? Ukiweka mzigo ghalani huku, si ghala ndilo linakuwa mwajibikaji?

Mzee wa Forodha
Likifanya angalau mawili kati ya kutunza, kufungasha, kuandika anwani na kutuma, na kama hakuna mtengenezaji, mwagizaji wala mwakilishi ndani ya Umoja, ndiyo. Kwa sababu hiyohiyo maghala mengi yatakudai uwe na mwakilishi kabla hayajapokea boksi lako. Ukituma kwa posta au kampuni ya vifurushi, hao hawahesabiki, sheria imewatoa.

Mama Viatu
Mimi ningefunga. Kwa ndala na hereni hizi, funga Ulaya hadi karatasi zikamilike, uza Uingereza na Marekani.

KaratasiKwanza
Ukifunga funga kweli dada. Kuandika "hatutumi Ulaya" chini ya ukurasa huku mfumo bado unapokea oda ya Berlin siyo kufunga. Toa nchi zote 27 kwenye maeneo ya usafirishaji, ondoa bei ya euro na ukurasa wa Kijerumani, maana wanatazama lugha, sarafu na unakotuma kuamua kama unawalenga. Na Uingereza usiiache nzima: Ireland ya Kaskazini inafuata kanuni hii, kwa hiyo zuia misimbo ya posta inayoanza na BT.

DukaLaPwani
Nikiweka vikapu tu kwa Ulaya, ukurasa wa bidhaa unatakiwa uwe na nini? Na anwani yangu ni S.L.P., wakala anasema haikubaliki.

Mzee wa Forodha
Mwongozo wa Tume ya Ulaya kuhusu sheria za bidhaa unasema anwani kwa kawaida ni mtaa na namba, au sanduku la posta na namba, pamoja na msimbo na mji. Kwa hiyo S.L.P. yako, 80100 Mombasa, inafaa. Kisichotosha ni tovuti peke yake. Ukurasani weka: jina lako la biashara, anwani hiyo na barua pepe, jina, anwani na barua pepe ya mwajibikaji, picha ya bidhaa na aina au namba yake, na onyo kama lipo, kwa Kijerumani kwa Mjerumani. Mteja avione kabla hajalipa.

Kaka Hamburg
Na wanasesere?

ShangaNaShaba
Hao ni vifaa vya kuchezea, sheria yao ni 2009/48, na walihitaji mwajibikaji tangu tarehe 16 Julai 2021, kabla ya GPSR. Alama ya CE, tamko la ulinganifu, vipimo vya EN 71, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kuchezea: macho na vifungo vivutwe kwa nguvu ya niutoni 90, au niutoni 50 vikiwa na milimita 6 au chini, kitambaa kipimwe moto, rangi zipimwe metali.

DukaLaPwani
Nikiandika "ni pambo, si la kuchezea"?

ShangaNaShaba
Wanasesere wa kiasili wa kukusanywa wanaweza kutoka kwenye sheria hiyo, lakini bidhaa au boksi liseme wazi ni la wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi, na bidhaa yenyewe ifanane na maneno hayo. Mwanasesere laini aliyejazwa pamba, anayekumbatika, hata ukiandika nini mkaguzi ataona mtoto wa miaka miwili.

Kaka Hamburg
Jambo jingine, mkimaliza hayo: karatasi na boksi la kufungashia. Ujerumani unatakiwa ujiandikishe kwenye rejista ya LUCID na ulipie mfumo wa taka za vifungashio hata kwa boksi moja. Mwakilishi wa GPSR hahusiki na hilo.

Fundi Akala
Kumbe hadi boksi!

DukaLaPwani
Wakala amejibu sasa hivi. Anasema haombi faili, nilipe tu atume anwani leo. Na nina oda ya Mjerumani ya vikapu viwili na jozi moja ya hereni.

KaratasiKwanza
Hizo hereni zitoe, umrudishie fedha yake. Vikapu vinasubiri mwajibikaji. Tuwekee hapa kipengele cha kuvunja mkataba cha huyo wakala, neno kwa neno, tukisome.

NeemaSabuni
Jamani mimi nina sabuni za mwarobaini, naweza kutumia wakala huyohuyo wa GPSR?

ShangaNaShaba
Hapana dada, hiyo ni vipodozi, 1223/2009. Unahitaji ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtathmini mwenye sifa, na usajili kwenye mfumo wa Ulaya wa CPNP kabla kipande cha kwanza hakijauzwa. Fungua uzi wako, uweke orodha ya viungo na kiasi cha kila kimoja kwa asilimia.